Kidole na Mashine Iliyofunikwa Kitambaa

Kila siku baada ya masomo, Kidole hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipita nyuma ya uwanja wa mpira, akafuata ukuta mrefu wa mawe, akabisha kwenye lango la kiwanda cha mvinyo ambako mama yake alifanya kazi. Mlinzi alimfungulia huku akisema maneno yaleyale ya jana na juzi: "Karibu, mkaguzi." Naye akajibu, "Asante, mkuu wa lango," kisha wote wawili wakacheka kana kwamba mzaha huo umezaliwa leo.

Shuleni alikuwa na jina refu na zuri, lakini nyumbani na kiwandani hakuna aliyelitumia. Jina la Kidole alipewa na bibi yake. Alipokuwa bado anajifunza kutembea, alichovya kidole kwenye uji wa moto, akakichomeka kwenye tundu la redio, akakigusisha mpaka kwenye pua ya mgeni aliyelala. "Mtoto huyu haoni kwa macho," bibi alisema, "anaona kwa kidole." Jina likamganda.

Kazi ya mama yake ilikuwa kutunza matangi. Chini ya jengo kulikuwa na ukumbi wa baridi wenye matangi makubwa ya chuma, yamepangwa mistari miwili kama wanafunzi mstarini asubuhi. Ulikuwa msimu wa mavuno, na yote yalikuwa yamejaa maji ya zabibu yanayochachuka.

"Usiyaone yametulia," mama alimweleza siku moja. "Humo ndani hamira inakula sukari, na kila inapokula inatoa joto. Tusipoyapoza, yatajipika yenyewe, na zabibu za msimu mzima zitakuwa za kumwagwa."

Kwa sababu hiyo kila tangi lilizungukwa na mabomba ya maji baridi. Pampu iliyokuwa chini ya sakafu iliyasukuma maji hayo, ikinguruma mchana kutwa na usiku kucha, mpaka watu wakawa hawaisikii tena. Kidole aliruhusiwa kuangalia matangi, kuhesabu vizibo, na kunywa kikombe cha juisi ya zabibu mbichi. Kilichokuwa ndani ya matangi kilikuwa cha wakubwa, na huo mjadala ulishafungwa. Na kila siku, kabla mama hajashuka ukumbini, alimwonyesha kiti kwenye ofisi ndogo iliyo juu ya ngazi na kumwambia, "Nyumbani gusa unachotaka. Hapa gusa kitabu chako tu."

Kiwanda kilikuwa kimeanza kidogo, siku za marehemu baba yake Bosi. Sasa kilikuwa kimekua, maduka ya mbali yanaagiza, matangi mapya yameongezwa, lakini kompyuta zilibaki zilezile za kale, na kila moja ilisema lake. Ya ghala ilisema chupa zipo, ya mauzo ikasema zimekwisha, na dereva wa gari alibaki katikati akikuna kichwa. Bosi alipochoka kukuna chake pia, aliita kampuni ya kompyuta, nayo ikamtuma Dada Fundi.

Dada Fundi alikuwa msichana mwembamba mwenye mkanda wa zana kiunoni, na alipofanya kazi aliimba kwa sauti mbaya sana. Kidole alimpenda tangu siku ya kwanza. Alimshikia tochi alipotambaa chini ya meza, akampokeza bisibisi, na kwa malipo alipata karanga na majibu ya maswali yake yote.

"Nitaziunganisha mashine zote ziongee lugha moja," Dada Fundi alimwambia. "Mama yako ataona joto la kila tangi kwenye simu yake, hata akiwa anakoroga ugali."

"Na wewe utapata nini?"

"Mimi?" Dada Fundi aliacha kuimba. "Hii ni kazi yangu ya kwanza kubwa peke yangu, mdogo wangu. Nikiimaliza vizuri, kampuni itaniamini. Nikiiharibu, nitarudi kibandani kuuza chaja."

Ndani ya ofisi ile ndogo, kwenye kona, kulikuwa na mashine moja ambayo haikuwa kwenye mpango wa Dada Fundi. Ilikuwa kompyuta nene ya rangi iliyokuwa nyeupe zamani, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa pana chombo cha maua ya plastiki. Wafanyakazi waliiita Babu. Marehemu baba yake Bosi ndiye aliyeiweka kwa mikono yake. Kila asubuhi mtu aliifuta vumbi, akanyoosha kitambaa, akaenda zake. Kioo chake kilikuwa kimekufa miaka mingi, na hakuna aliyekumbuka ilikuwa ikifanya nini.

Dada Fundi alipoiulizia, Bosi aliweka mkono kifuani. "Huyo amestaafu. Tumemwacha kama kumbukumbu ya mzee wangu. Usimguse."

"Lakini mbona anahema?" Dada Fundi aliuliza, maana kutoka chini ya kitambaa kulitoka mvumo mwembamba.

"Mazoea tu," Bosi alisema. Wote wakacheka, na Dada Fundi naye akacheka, akaendelea na kazi. Baadaye alijuta kicheko hicho.

Siku ya mkasa, Kidole alikuja na kitu alichokificha chini ya daftari la hesabu. Ilikuwa simu ya kaka yake, ambayo aliichukua mezani bila kuomba, na ndani yake kulikuwa na mchezo wa kupanga matofali uliomnyima usingizi. Alikuwa amebakiza hatua moja tu kuivunja rekodi ya kaka. Lakini simu ilikuwa inakata roho. Kialama cha betri kilikuwa chekundu.

Alitafuta soketi. Zote zilikuwa zimejaa plagi za Dada Fundi, na hizo hakuthubutu kuzigusa. Soketi moja tu ilikuwa na plagi isiyokuwa na maana yoyote: ya Babu. Kidole alitazama mlango. Alitazama kiti chake na kitabu chake. Kisha akajiambia maneno ambayo kila mtundu hujiambia duniani kote: dakika moja tu, na hakuna atakayejua.

Akaichomoa. Mvumo chini ya kitambaa ukapungua, ukapungua, ukanyamaza. "Pumzika, Babu," alinong'ona, akachomeka chaja yake, akaanza kupanga matofali.

Kitu cha kwanza alichosikia hakikuwa sauti. Kilikuwa kimya. Kulikuwa na kitu kimekosekana chini ya miguu yake, kama vile jengo zima limeacha kupumua, lakini Kidole alikuwa amezama mchezoni na hakujua ni kitu gani. Alijua pale aliposikia mama yake akipiga kelele kutoka chini.

"Pampu imezima! Jamani, pampu! Mshale unapanda!"

Mama yake hakuwa mtu wa kupiga kelele. Kidole alishtuka hata simu ikamponyoka. Akili yake ilizunguka mara moja ikarudi na wazo ambalo halikuwezekana, ambalo lilikuwa la kijinga kabisa, na bado lilimwinua kitini. Alichomoa chaja, akarudisha plagi ya Babu. Mvumo mwembamba ukaanza tena. Alishusha pumzi na kusikiliza chini.

Pampu haikuwaka.

"Basi siyo mimi," alijiambia. "Babu anahema, na pampu bado imezima. Siyo mimi." Lakini aliikandamiza plagi tena, kuhakikisha imeingia sawasawa.

Aliposhuka ngazi, ukumbi ulikuwa umegeuka uwanja wa vita. Wafanyakazi walikuwa wakimwagia matangi maji kwa mipira, wengine wakiyafunga magunia yaliyoloweshwa. Mama alikuwa ameloa mpaka kichwani, anakimbia kutoka kipimajoto kimoja hadi kingine, na kwenye kila kimoja mshale ulikuwa unasogea kuelekea rangi nyekundu. Kwenye tangi kubwa kuliko yote, povu lilikuwa linatoka juu kama maziwa yanayochemka na kufurika.

Katikati ya yote hayo alisimama Dada Fundi, waya mkononi, uso umempauka. Mbele yake alikuwa Bosi, ambaye Kidole hakuwahi kumwona amekasirika.

"Miaka yote, hata umeme wa mji ukikatika, jenereta inashika papo hapo na pampu hii haijawahi kuzima!" Bosi alifoka. "Leo wewe umeunganisha waya zako, na leo hii imezima! Utaniambia ni bahati mbaya?"

"Bosi, waya zangu hazijafika kwenye pampu, naapa..."

"Usiape! Ng'oa kila ulichofunga, kiwanda kirudi kama kilivyokuwa. Ukimaliza, chukua zana zako uende. Kampuni yako nitaipigia mwenyewe."

"Kung'oa zote kutachukua mpaka jioni," Dada Fundi alisema kwa sauti ndogo. "Matangi hayatangoja mpaka jioni."

"Ungefikiria hayo kabla!"

Dada Fundi alipiga magoti, akatoa koleo, akaanza kukata waya alizozipanga kwa siku nyingi. Hakuimba. Machozi yalimdondoka akayafuta kwa mkono wa shati, akakata mwingine.

Kidole alisimama kwenye ngazi ya mwisho, amekauka kama mti. Alitaka ardhi ipasuke immeze. Alijua kwamba akisema, mama yake ataaibika mbele ya watu wote hawa, labda hata kazi ataikosa, maana ni nani atakayemtaka mfanyakazi anayeleta balaa na mkoba wa shule? Akinyamaza, hakuna atakayejua. Plagi ilikuwa imerudi mahali pake. Kitambaa kilikuwa kimenyooka. Hata ua moja la plastiki halikuwa limeanguka.

Koleo lilikata tena. Sauti ile ilimwingia Kidole mwilini kuliko kelele zote za Bosi.

Alitembea kwenye maji yaliyotapakaa sakafuni, akashika aproni ya mama yake.

"Mama."

"Siyo sasa, mwanangu! Rudi juu!"

"Mama, mimi nilimchomoa Babu."

Mama aliendelea kumwagia tangi maji. Kisha mpira ukashuka taratibu. "Umemfanya nini nani?"

"Babu. Nilichomoa plagi yake nichaji simu ya kaka. Halafu pampu ikazima. Niliirudisha, lakini haikuwaka." Alipaza sauti ili wote wasikie. "Siyo Dada Fundi. Msimfukuze. Ni mimi."

Hata waliokuwa na mipira waligeuka. Mama alimtazama binti yake kama mtu aliyepigwa kofi na mgeni.

Wa kwanza kusema alikuwa Bosi. "Mtoto huyu amechanganyikiwa kwa hofu. Babu hana kazi. Babu ni ukumbusho!"

Koleo lilianguka sakafuni. Dada Fundi alikuwa amesimama, macho yamemtoka. "Anahema," alisema. "Nilikuuliza mbona anahema, Bosi. Asiyekuwa na kazi hahemi!"

Alipanda ngazi kwa kukimbia, akichukua njiani kioo kipya kutoka kwenye boksi lake. Bosi akamfuata, mama akamfuata, Kidole akavutwa na aproni ambayo alikuwa bado ameishikilia. Dada Fundi alitoa chombo cha maua, akamkabidhi Bosi. Akavuta kitambaa. Kwa mara ya kwanza Kidole alimwona Babu mgongo wazi: waya mmoja mwembamba, mweusi kwa vumbi, ulitoka nyuma yake, ukaingia kwenye tundu ukutani, ukaelekea chini.

"Unakwenda kwenye pampu," Dada Fundi alisema. "Mzee wako hakuweka mapambo, Bosi. Babu ndiye anayeiamuru pampu iwake. Tangu siku zile mpaka leo, yeye peke yake."

Bosi alishikilia maua yale ya plastiki kama bwana harusi aliyeachwa. "Sisi tulidhani inajiwasha yenyewe," alisema. "Sote tulidhani hivyo."

Mama alikuwa bado na swali moja, na alilitoa kwa uchungu. "Lakini amerudishiwa umeme. Mbona haiamuru?"

Dada Fundi alikuwa ameshachomeka kioo kipya. Kikawaka, maandishi meupe yakatokea. Aliyasoma, akatoa sauti iliyokuwa nusu kicheko na nusu kilio. "Betri yake ndogo ya ndani imekufa zamani. Umeme ulipokatika, alisahau hata leo ni tarehe gani. Amewaka, na sasa anaomba tu mtu abonyeze kitufe chochote ili aendelee. Kioo kilikuwa kimekufa, nani angeona? Muda wote huu tunamwaga maji huko chini, yeye amekaa hapa anangoja kidole."

Taratibu, wote walimgeukia mtu mmoja.

Kidole alirudi nyuma. "Mimi sigusi tena kitu," alisema, na machozi yaliyokuwa yamengoja tangu ngazini yakatoka yote kwa pamoja.

Mama aliinama, akamshika mabega kwa mikono iliyoloa. Hakuwa amemsamehe bado, na Kidole aliliona hilo. Lakini mikono ile haikumsukuma. "Safari hii umeruhusiwa," mama alisema. "Bonyeza."

Kidole alifuta kidole chake kwenye sketi, akabonyeza.

Babu alikoroma. Maandishi yalikimbia kwenye kioo. Kisha, chini ya miguu yao, kitu kizito kikajikohoza mara mbili, kikaanza kunguruma. Kelele za shangwe zilizopanda kutoka ukumbini zilimfanya mlinzi aache lango na kuja mbio akidhani kuna moto.

Mishale haikushuka mara moja. Waliendelea kumwaga maji mpaka mabega yakawauma, na Kidole alibeba magunia pamoja nao bila kuambiwa. Kabla ya watu kwenda nyumbani, mshale wa mwisho ulikuwa umetoka kwenye rangi nyekundu. Mama alichota kidogo kutoka tangi kubwa, akanusa, akaonja, akatema, akakaa kwenye ngazi kwa uzito. "Limepona," alisema. "Lingekaa bado kidogo, tungekuwa tunazungumza mengine."

Bosi alimwendea Dada Fundi mbele ya wafanyakazi wote. "Nilikufokea mbele ya watu, basi nakuomba radhi mbele ya watu," alisema. "Rudisha waya zako. Kazi ni yako."

"Na mimi niliuliza, kisha nikacheka," Dada Fundi alijibu. "Siku nyingine nikiuliza nitasubiri jibu."

Nyumbani hakukuwa na shangwe. Kaka alirudishiwa simu yake na ombi la msamaha. Mama alimpa Kidole adhabu ya kuosha kreti za zabibu kila Jumamosi mpaka mavuno yaishe. Kidole hakulalamika. Usiku wa kwanza alishindwa kula, na mama alipomwuliza, alisema, "Kama ningenyamaza Dada Fundi akafukuzwa, ningesema baadaye. Nadhani ningesema."

"Mimi sijui," mama alisema. "Na wewe hujui. Nashukuru hatukulazimika kujua." Kisha akamsogezea sahani karibu.

Mavuno yalipokwisha, Dada Fundi alikuwa amemaliza. Kioo kikubwa ukutani kilionyesha matangi yote, na kazi ya Babu ilikuwa imehamishiwa kwenye mashine mpya, ambayo ilikuwa na mwenzake wa kumsaidia akianguka. Siku ya kumpumzisha Babu, Bosi aliwaita wote kwenye ofisi ndogo. Akamwita Kidole mbele.

"Mchomoe," alisema.

Kidole alishika plagi, lakini hakuivuta. Alimgeukia Dada Fundi, kisha mama yake, kisha wafanyakazi waliosongamana mlangoni. "Kuna kitu chochote bado kinamtegemea Babu?" aliuliza. "Mna hakika?"

Kicheko kililipuka. Bosi peke yake hakucheka. Alikichukua kile kitambaa cha kufuma, akakikunja mara mbili mikononi mwake.

"Swali hilo ndilo nililopaswa kuuliza mimi miaka yote," alisema. "Sisi watu wazima tulimfunika Babu kitambaa, tukamwekea maua, tukajiona tunamheshimu. Hatukutaka kujua anafanya nini. Mtoto huyu naye alitaka kufunika kosa lake, na lilikuwa limefunikika vizuri kweli. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Kosa ni kama maji ya zabibu ndani ya tangi, wanangu. Ukilifunika halipoi, linazidi kupata joto. Kidole alikosea, na ameosha kreti kwa kosa hilo. Lakini alipofunua, tulipata nafasi ya kuokoa kila kitu. Anayefunua mapema ndiye anayeokoa."

Akampa Kidole kitambaa kile akakitunze. Kidole alikiweka begani, akasikiliza mara ya mwisho mvumo mwembamba wa Babu, akavuta plagi.

Wote walitega masikio. Chini ya sakafu, pampu iliendelea kunguruma.